Bi Makosa na Maoni ya Mtaa Mkongwe

Kwa miaka ishirini na mbili, karani wa mapokezi wa halmashauri ya mji aliulizwa maswali mawili tu: "Ofisa yupo?" na "Sasa nirudi lini?" La kwanza alilijibu kwa kutikisa kichwa, la pili kwa kupandisha mabega. Katikati ya hayo alipokea barua, akazigonga muhuri, akaziandika kwenye daftari la masijala kwa mwandiko ulionyooka kiasi kwamba mhasibu, akiwa na mawazo, alikuwa anashuka kuja kuutazama tu. Si kazi ya kujitapa nayo mbele za watu, lakini mama huyu aliipenda, na ukimkuta ananoa penseli yake asubuhi ungedhani anajiandaa kwa upasuaji.

Basi Jumatatu moja mkurugenzi akamwita ofisini. Ofisa wa mipango miji alikuwa amekwenda likizo kwa kishindo, mkewe kajifungua mapacha, na mezani kwake kaacha jalada la kijani limevimba.

"Mama, ile rasimu ya majengo ya kale," mkurugenzi alisema, akilisukuma jalada kwa vidole viwili. "Mkutano wa hadhara ni Ijumaa. Kukusanya maoni ya wananchi utafanya wewe."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine humu anayejua kuandika akasomeka?"

Karani alilipokea jalada kwa mikono miwili, na alipotoka mlangoni miguu ilikuwa myepesi. Alilijua jalada lile kuliko aliyelitengeneza. Rasimu ilihusu mtaa mkongwe nyuma ya soko, nyumba thelathini na nane zenye kuta nene, ghorofa za mbao na madirisha mapana ya juu. Ikipita kuwa sheria, hakuna mwenye nyumba atakayebomoa, kuongeza wala kutoboa ukuta wowote, wa mbele au wa nyuma. Ila sharti lilikuwa moja: yapatikane maoni ya wananchi wasiopungua mia mbili, yaandikwe kwenye daftari, wanaounga mkono na wanaopinga. Ilishajaribiwa mara mbili. Mara ya kwanza yalipatikana maoni kumi na saba. Mara ya pili thelathini na moja, na tisa kati ya hayo yalitoka kwa mzee mmoja aliyekuwa akilalamikia mbwa.

Nyumba ya kona katika mtaa ule ilikuwa ya baba yake. Ndimo alimozaliwa. Sasa aliishi humo dada yake, mshonaji, pamoja na mama yao. Na miezi minne iliyopita, barua ya dada yake ya kuomba kibali cha kubomoa ilipita dirishani pa mapokezi kama barua nyingine zote, na karani mwenyewe aliigonga muhuri. Tangu siku ile ndugu hawa wawili walibaki kuzungumza habari za mvua na bei ya nyanya. Kibali kilisimamishwa kungoja rasimu. Maoni yasipotimia kwa mara ya tatu, Jumatatu ijayo mhandisi anatia saini, na ngazi ambazo baba alizichonga kwa mkono wake zitageuka kuni.

Kwa hiyo msimshangae mtu aliyetoka kazini siku ile akitembea kwa kasi ya mwizi.

Jumanne saa mbili alikuwa mtaani, fomu mia tano kwapani. Ofisa alikuwa ametunga swali moja, na lilikuwa baya kweli: "Una maoni gani kuhusu rasimu?" Kinyozi alisema hana maoni. Muuza mkaa alisema hana maoni, labda mkewe, na mkewe akasema mambo ya maoni yuko nayo mumewe. Mwalimu mstaafu aliipokea fomu, akasahihisha nukta mbili kwa kalamu nyekundu, akairudisha. Saa nne na nusu ilifika bado hajapata hata moja. Wale waliotokwa na mapovu kila siku juu ya maji na taka, leo wameulizwa kwa heshima na kwa karatasi, wote mabubu!

Akajitupa kwenye benchi la fundi viatu, akafungua jalada ajipepee, na macho yakaangukia orodha ya ofisa. Akasoma kwa sauti, bila nia yoyote:

"Jengo namba saba. Zamani lilikuwa ghala la chumvi."

Fundi viatu aliacha nyundo hewani.

"Ghala la nini?"

"La chumvi. Ndivyo walivyoandika."

"Nani kawadanganya? Chumvi! Hii ilikuwa mahakama, mama. Mahakama! Hapo ulipokaa ndipo alipokaa babu yangu akisomewa kosa la kuiba kengele ya shule. Ghala la chumvi... Ebu inuka nikuonyeshe tundu la kizimba."

Karani aliinuka. Alionyeshwa tundu la kizimba, na ndoano ya kofia ya hakimu, na ukuta ambao wafungwa walikuwa wakikwaruza siku zao. Fundi alisema nusu saa nzima bila kumeza mate, na alipomaliza alisema kwamba mtu atakayegusa ukuta ule atapambana naye yeye. Karani aliandika kila neno. Namba moja. Na hapo ndipo kitu kikamchekesha moyoni, akajua atafanya nini.

Alivuka barabara, akamrudia kinyozi.

"Kumbe duka lako ndilo jipya kuliko yote mtaani," alimwambia, sura kavu kabisa.

Kinyozi alimwacha mteja na povu nusu ya uso.

Toka hapo ilikuwa kazi ya kutega na kunasa. Kwa muuza mkaa alisifia mlango kwamba umetoka kiwandani. Kwa mwalimu mstaafu alikosea mwaka, tena akakosea kwa miaka hamsini, na mwalimu alimketisha chini, akamfundisha hadi kengele ya mchana, kisha akajaza fomu tatu kwa sababu moja haikumtosha. Mtu ambaye hana maoni, ukimkosea habari ya nyumba yake, anayapata hapo hapo, na mengine ya kumwazima jirani. Wengine walipinga sheria, tena kwa maneno makali, na hao nao aliwaandika neno kwa neno, kwa sababu daftari halina mpendwa. Jioni ile alihesabu sitini na nane. Alirudi kwake akiimba kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, majirani wakachungulia.

Jumatano mtaa ulishaujua mchezo, na bado ulinasa. Watu walimwona akikata kona wakaanza kupiga kelele: "Bi Makosa huyoo! Leo unakuja kutukosea nini?" Jina likamganda. Watoto walimfuata, wanawake walimvuta mkono waingie naye ndani, mzee mmoja alimtolea bawaba ya mlango mfukoni aipime uzito. Waliokaa kimya miaka yote kumbe walikuwa wanangoja mtu wa kubishana naye. Hadi mchana alikuwa na mia moja themanini na sita, sauti imemkauka, viatu vimemchubua, na furaha aliyokuwa nayo hakuwahi kuipata tangu aajiriwe.

Kwa kichwa hicho kilichovimba akaenda kugonga nyumba ya kona.

Dada yake alifungua nusu ya mlango, pini tatu midomoni, akasimama katikati.

"Siingii?"

"Ndani kuna magauni ya arusi, meupe. Na wewe una vumbi la mtaa mzima." Alitoa pini moja baada ya nyingine. "Mama yuko juu, kalala. Si utakuja Jumapili?"

Jumapili alikuja kila wiki, saa nne kamili, na kila Jumapili alimkuta mama yao juu, dirishani, kilemba kimefungwa vizuri, akitazama watu wakipita. Lakini kuzuiwa mlangoni pa nyumba ya baba yake kulimchoma. Akajikaza, akatupa ndoana.

"Nasikia zile ngazi wala si kazi ya baba. Alizinunua kwa seremala wa sokoni."

Dada hakutikisika.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba za viatu," alisema. "Hizo mbinu kawategee wengine."

"Basi toa maoni yako, dada. Hata ya kupinga. Nitayaandika kama yalivyo."

"Sina maoni," dada akasema, na mlango ukafungwa taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Njia nzima alikuwa akisema naye kichwani. Tamaa ya vyumba vya kupangisha, ndiyo iliyomwingia dada. Baba hata hajaoza! Hayo yote ni uongo wa hasira, kwani baba alikuwa na miaka kumi na minne kaburini, lakini mwenye hasira hapigi hesabu. Alifanya kazi Alhamisi yote kwa nguvu za watu wawili.

Ijumaa saa nane ukumbi wa shule ulifurika mpaka madirishani. Viti vya plastiki viliisha, watu wakakalia madawati ya darasa la kwanza, magoti yamefika kidevuni. Wamekuja na picha za harusi, na funguo za makufuli yasiyokuwapo tena, na mmoja kaja na tofali zima kalikumbatia. Mwenyekiti wa halmashauri, mzee mtaratibu aliyezoea vikao vya watu sita, aliifuta miwani mara nne. Na juu ya meza, wazi, lilikuwa daftari. Maoni mia nne na kumi na mawili.

"Mia nne!" mwenyekiti alirudia kwenye kipaza sauti, na ukumbi ukalipuka kwa vigelegele kana kwamba mtu kafunga bao.

Karani alisimama kusoma muhtasari. Alisoma habari ya mahakama, fundi viatu akainuka akapunga mkono. Alisoma habari ya mlango wa muuza mkaa, na ya miaka hamsini ya mwalimu, na watu walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Kila kitu kilikwenda sawa. Alipofika nyumba ya kona aliiweka karatasi chini. Hii hakuhitaji kuisoma.

"Na mimi nina nyumba humo," alisema. "Ina ngazi kumi na saba za mbao, baba yetu alizichonga kwa miezi minane. Mama yetu ana miaka themanini na mmoja, na kila siku ya Mungu anazipanda na kuzishuka kwa miguu yake mwenyewe. Nyumba ya namna hiyo unaibomoaje?"

"Si kweli."

Sauti ilitoka nyuma, karibu na mlango. Ukumbi ukaangua kicheko. "Kamnasa hata dada yake!" fundi viatu alipiga kelele. "Bi Makosa, wewe noma!" Watu waligonga madawati. Karani naye alianza kutabasamu, kwa mazoea, kisha akamwona dada yake amesimama, mkoba kaushika kwa mikono miwili, akingoja wamalize. Hakuwa anacheka. Kicheko kilipungua, kikafa upande mmoja baada ya mwingine.

"Si kweli," dada alirudia. "Mama hajazipanda hizo ngazi kwa miguu yake mwaka wa pili huu. Magoti yamegoma. Analala chini, ndani ya chumba changu cha kushonea, nyuma ya meza ya kukatia. Choo kiko uani. Mvua ikinyesha namfunika turubai, tunakwenda hivyo wawili, tunarudi hivyo."

"Lakini Jumapili..." karani alisema.

"Jumapili wewe unafika saa nne. Saa tatu mimi namweka mgongoni. Ngazi kumi na saba, nazijua kuliko baba aliyezichonga. Namketisha dirishani, namfunga kilemba. Ukishaondoka, namshusha."

Karani alikuwa na kipaza sauti mkononi, na swali lililomtoka halikuwa la karani hata kidogo, lilikuwa la mtoto wa mwisho:

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Aliniapisha. Alisema ukijua utamhamishia kwako, ghorofa ya tatu, na yeye anataka kufia kwao." Dada alivuta pumzi. "Mimi sitaki kuivunja nyumba ya baba. Nataka kuvunja ukuta mmoja tu wa nyuma, nimtolee chumba, na choo humo humo. Fomu yenu ya kibali ina visanduku viwili, kujenga na kubomoa. Sijengi, basi nikaweka alama kwenye kubomoa. Na sasa mnaleta sheria inayosema hata huo ukuta wa nyuma nisiutoboe. Umewauliza watu mia nne habari za kuta, mdogo wangu. Habari za magoti umemuuliza nani?"

Aibu ilimshuka karani kutoka utosini hadi kwenye viatu vilivyomchubua. Alitamani sakafu ipasuke. Alikumbuka Jumapili zote zile, chai aliyoinywa akiusifia upepo wa dirishani, na mama akimwitikia "ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu", na dada chini akidaiwa kwamba ana mambo mengi hata hapandi kusalimia. Alikuwa anapumzisha mgongo, maskini. Machozi yalimjaa. Lakini mtu aliyeandika masijala kwa miaka ishirini na mbili hawezi kusikia neno la maana akaliacha lipotee hewani. Aliketi, akafungua ukurasa, akashika penseli.

"Namba mia nne na kumi na tatu," alisema. "Unaunga mkono au unapinga?"

"Ilivyo sasa? Napinga."

Aliandika yote, tangu magoti mpaka turubai. Alipomaliza hakuinua uso mara moja. Penseli ilikwenda mstari wa chini yake.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba na mimi nitoe maoni."

"Karani haruhus..." mwenyekiti alianza, kisha akautazama ukumbi, akabadili mawazo. "Sema, mama."

"Namba mia nne na kumi na nne ni mimi mwenyewe. Ilivyo sasa, napinga."

Basi pakawa hapatoshi. Fundi viatu alikuwa wa kwanza kusimama, safari hii bila mahakama wala kizimba: mwanawe wa pili anatembelea magongo, na mlango wa namba saba una vizingiti vitatu. Muuza mkaa akasema moshi unawaua jikoni, na hakuna mahali pa kutobolea bomba. Mwanamke mmoja, ambaye siku mbili nzima alikuwa amesifia ua wake tu, alisema kwamba mwanawe alianguka kutoka ghorofani, mbao zimeoza, na aliogopa kusema asije akaonekana hapendi nyumba. Mikono ilipanda kila upande. Karani aliandika hadi penseli ikawa butu, akarushiwa nyingine, akaandika. Watu walikuwa wanagombania kipaza sauti, na hakuna aliyekosewa habari hata moja. Mwenyekiti aliita utulivu mara tatu, mara ya nne akavua miwani akaungana nao, kwani kumbe naye alikuwa na nyumba ya mama mkwe namba thelathini.

Saa kumi na moja walikubaliana. Rasimu haipiti na haifi. Inarudi kwa siku saba, daftari likiwa wazi, iandikwe upya: mbele ya nyumba, ngazi na ghorofa havitaguswa, ila nyuma na ndani, anayeishi humo ataruhusiwa kutengeneza apate kuishi. Na fomu ya kibali iwekewe kisanduku cha tatu, cha kutengeneza. Kibali cha kubomoa nyumba ya kona kilifutwa pale pale na mwenye kukiomba, kwa kalamu ya kuazima.

Walitembea kurudi wote wawili, daftari kwapani, dada mbele kidogo kama zamani walipokuwa wakienda shule. Karani alijaribu kuomba msamaha mara mbili. Mara zote dada alimwambia atazame mtaro.

Safari hii mlango ulifunguliwa wote. Nyuma ya meza ya kukatia, kati ya majora ya vitambaa na magauni meupe yaliyoning'inia, palikuwa na kitanda chembamba, na mama yao kaketi juu yake kichwa wazi, mvi zote nje. Alipomwona binti mdogo amesimama mlangoni, mkono ulirukia kichwani kutafuta kilemba.

"Leo Jumapili?"

"Ijumaa, mama."

Bibi kizee akamgeukia binti mkubwa.

"Umesema."

"Nimesema."

"Mbele za watu?"

"Ukumbi mzima. Kwa kipaza sauti."

Mama aliushusha mkono kutoka kichwani. "Walikuwa wengi?"

"Mpaka madirishani," karani alisema, akalia na kucheka kwa wakati mmoja, akapiga magoti pale sakafuni kwenye vipande vya nyuzi akamshika mama yake miguu. Alimwambia hahami, hakuna wa kumhamisha. Alimweleza ukuta wa nyuma, na chumba, na choo cha ndani, na siku saba. Alisema kwa haraka, akirukia hili na lile, na mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Wewe si ndiye unayekusanya maoni?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Umezunguka wiki nzima. Mbona mimi hukuniuliza?"

Karani alilifungua daftari juu ya goti.

"Andika," mama alisema. "Choo nimekubali. Lakini huo ukuta mkishautoboa, niwekeeni na dirisha, la upande wa kichochoro, watu wanapopita. Miaka miwili natazama miguu ya cherehani. Kule juu ninaona watu Jumapili tu."

Penseli ilisimama. Ndugu wawili walitazamana juu ya kichwa cha mama yao.

"Dirisha liwe juu kiasi gani, mama?" karani aliuliza.

"Nitajuaje mimi? Pimeni."

Dada alichukua futi yake mezani, akapiga goti upande wa pili wa kitanda. Mama alinyoosha mgongo, akatazama mbele, kwenye ukuta mtupu, na binti zake wakapima kutoka sakafuni hadi kwenye macho yake. Ilikuwa sentimita tisini na nne, na karani akaandika tisini na nne.